Sifa za Mbuzi wa Nyumbani

Wanyama wengi wamekwisha pata wa kuwasifu: farasi ana washairi wake, ngamia ana masultani wake, na hata paka, ambaye aghalabu ya kazi yake ni kulala, hakosi wa kumtetea. Mbuzi peke yake, afugwaye uani katika nyumba za Bidiya huko Omani, pale mashamba ya mitende yanapokoma na mchanga wa Ramlat al-Wahiba ukaanza mwendo wake wa yapata kilomita 180 kuelekea kusini, ameachiwa lawama tupu. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya tisa, alimfanyia insafu kidogo alipoweka ndani ya Kitabu cha Wanyama mjadala baina ya kondoo na mbuzi. Lakini mjadala si sifa, nami nimekusudia kumsifu pasina mpinzani.

Nianze na ulafi wake, maadamu ndipo wanapoanzia mahasidi. Katika nchi ambayo ardhi yake hutoa kidogo, na hicho kidogo hukizungushia miiba, mnyama mwenye kuchagua chakula angekufa adhuhuri na mwenyewe akamfuata magharibi. Mbuzi hachagui. Majani ya mghafu atakula, na maganda yake yaliyoanguka. Kokwa za tende ambazo sisi tumezitema atazitafuna. Boksi la karatasi lililotupwa nyuma ya duka ni karamu kwake. Na akipewa dagaa wakavu kutoka pwani, haulizi kama samaki ni halali yake au ni ya paka. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alizuru Mombasa na Kilwa kisha akaabiri mpaka Dhofari, aliandika kwamba mifugo ya huko ililishwa dagaa hao hao. Basi huu tuuitao ulafi ni mila ya kale, na mwenye kuudharau anadharau taarikhi.

Husemwa pia kwamba ni mwizi. Mimi nasema ni mwenye kuonja vya watu. Tazama kanzu ya bwana wa nyumba inapoanikwa kambani, na kishada chake cha shingoni, kile kinachotiwa manukato, kikining'inia kwa madaha: mbuzi hujongea taratibu bila ya haraka ya mwizi, husimama kwa miguu ya nyuma, hukishika kishada kwa ncha ya midomo, kisha hutafuna, taya la chini likienda kando kwa kando, huku akikukazia yale macho ya manjano ambayo mboni zake zimelala kama mstari. Hakimbii wala hatahayari. Ni mwizi gani huyo atoaye ushahidi juu ya nafsi yake kwa harufu ya udi kinywani?

Adabu zake hubadilika kwa misimu, jambo ambalo ni dalili ya malezi. Msimu wa joto, zebaki inapopita nyuzi 45, yeye hulala chini ya gari, na bwana aliyechelewa kazini hulazimika kuinama, kubembeleza, na mwisho kumvuta mguu kwa staha. Hivyo kila asubuhi mtu hupata darasa la subira bila ya ada. Usiku wa baridi, vitoto vilivyozaliwa jana huingizwa ndani, watoto wakavipa majina na kugombea kulala navyo, na kulipokucha zulia la mgeni limetapakaa vinyesi mithili ya shanga zilizokatika uzi. Na siku moja ya nadra, mvua inaponyesha na watu wa nyumba wote wakatoka nje kumshukuru Mungu, mbuzi, ambao hawapendi kulowa, huingia majlisi kwa jamaa na kukalia mito. Hapana nyumba iliyobaki tupu wakati wao wapo.

Na hayo yote tumelipwa. Manyoya yake hufumwa hema, ambalo likilowa nyuzi hutanuka na kuziba matundu. Ngozi yake ndiyo kiriba, iliyopoza maji ya msafiri kwa kutoa jasho juani kabla ya mtu yeyote kuota jokofu. Na maziwa yake yana thamani hata Mabedui humfunga kiweleni mfuko wa kitambaa, ili mwanawe mwenyewe asitangulie kuyanyonya. Wizi wa kishada na wizi wa maziwa, ukivipima kwa mizani ya haki, sijui ni nani atamdai mwenziwe.

Alaa kulli hali, Iddi ikikaribia, huyu aliyetupa hema, maji, maziwa na darasa la subira, hupakwa kitunguu saumu, bizari na siki, akafungwa makutini, akatiwa katika shimo la makaa na kufunikwa udongo kwa siku moja au mbili, akatoka akiwa shuwa, nasi tukajilamba vidole na kusema kwamba hakika mbuzi ni mlafi. Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Walimwonea: punda hupiga teke tu, wala hajapata kumpaka bizari aliyemfadhili na kumfukia shimoni.