Uji Uliosingiziwa

Jumatano jioni mke wangu aliketi mkekani na hesabu za kikoba: akina mama 30, hisa za wiki, mikopo, faini za wachelewaji. Harufu ya maharage yanayoungua ilipomfikia, akafunika kompyuta mpakato na kukimbilia jikoni. Aliporudi akaifunua, kioo kilikuwa cheusi tii. Feni inavuma ndani, lakini taa ya kitufe cha herufi kubwa haiwaki hata ukikibonyeza. Ikabidi aizime kwa nguvu. Nusu ya hesabu ikapotea.

Kabla hatujalala mshitakiwa alishapatikana: binti yetu wa miaka 8, aliyekunywa uji pembeni ya mashine ile Jumapili. "Baba, mimi sikuigusa," alisema. Mama mkwe alisema ni umeme wa kukatikakatika. Mimi nilishikilia uji, nikampiga mtoto marufuku kuisogelea.

Usiku ule sikupata usingizi. Mashine ikiwashwa ilifanya kazi kutwa nzima bila kosa. Ilishindwa pale tu ilipolazwa kwa kufunikwa. Madhara ya uji yangebagua hivyo? Kompyuta inapolala, kumbukumbu yake huendelea kulishwa na betri huku sehemu nyingi zilizobaki zikizimwa. Ikiamshwa, kila kifaa huamshwa na kiendeshi chake, yaani programu inayokiongoza, na kiendeshi kimoja kikikosea, kioo chaweza kubaki gizani. Nikafungua daftari la matukio ya mfumo. Mstari wa mwisho ulisema inaingia usingizini. Baada ya hapo, hakuna neno.

Daftari la masasisho likanikata maini. Jumamosi usiku, kabla ya uji, kiini cha mfumo, yaani kerneli ya Linux, kilibadilishwa, na aliyekubali ni mimi.

Asubuhi, kabla ya chai, nilimwomba binti yangu msamaha. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama sasa anaruhusiwa kukaa karibu.

Kwa bahati kiini cha zamani hakikuwa kimefutwa. Kilikuwepo kwenye orodha ya kuwashia. Kuna amri ya kuilaza mashine na kuiamsha yenyewe baada ya sekunde 20. Tukailaza mara 10 kwa kiini cha zamani, ikaamka mara 10. Kwa kile kipya, mara ya kwanza tu, giza.

Tungeweza kuishia hapo. Lakini kubaki na kiini cha zamani ni kukosa viraka vya usalama vinavyofuata, na mashine hii ina fedha za watu. Isitoshe, nilitaka kumjua mkosaji halisi, maana nilishamhukumu asiye na hatia.

Kutoka toleo la kiini lililo zima hadi lile bovu kulikuwa na hatua 8. Ukijaribu la katikati, unatupa nusu. Majaribio matatu yakatufikisha kwenye toleo moja lenye mabadiliko karibu 500. Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux, kina amri ya kugawa hivyohivyo. Mabadiliko 500 huisha kwa majaribio 9. Ila kila jaribio lilidai kiini kitengenezwe upya, zaidi ya saa nzima kwa mashine yetu ndogo, na yuniti za umeme wa LUKU zikiyeyuka. Mke wangu ndiye aliyekataa tuache. Aliweka daftari la kikoba kando, akachukua jingine, akaandika kwa zamu: inaamka, haiamki, haiamki. Binti yetu ndiye aliyehesabu sekunde.

Jumapili saa tatu usiku tulimpata mkosaji: badiliko dogo kwenye kiendeshi cha michoro. Nikaliondoa, nikatengeneza kiini upya, nikawaandikia watunzaji wa kiendeshi hicho na kuwaambatishia ushahidi wote. Kisha mke wangu akafungua hesabu na kufunika mashine.

"Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini!"

Binti yetu akafunua mwenyewe. Kioo kikawaka, na jina la mwanachama wa kumi na mbili lilikuwa palepale mama yake alipoliacha.