Namna ya Kuwa Bingwa wa Gemu Bila Kuusumbua Mwili

Michezo ya Asia ya Hangzhou ilitoa medali za gemu mwaka 2023, kwa hiyo sasa jiite mwanamichezo bila haya. Mazoezi waachie wengine.

Chagua msimu vizuri. Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka Meru na Arusha nzima imevaa makoti, ndiyo wakati wa kushindana. Ingia banda la gemu pale Ngarenaro au Sakina, kaa jirani na mlango, vidole vife ganzi, kisha ushike pedi. Neva zikipoa hupeleka ujumbe polepole na kidole gumba hukakamaa, lakini hayo ni ya madaktari. Wewe sema pedi mbovu.

Kiti chako ni kreti la soda. Shingo itangulie mbele, mgongo ufuate ukijisikia. Kifundo cha mkono kikianza kuuma upande wa kidole gumba, ujue kano zimechoka. Ongeza mechi tano zizoee. Mkojo ubane, maana ukitoka tu kuna mtu anakalia kreti lako.

Usilale. Mtu mzima mwenye afya huona kitu na kubonyeza kwa takriban robo sekunde, na kukesha huirefusha. Usishtuke, robo sekunde ni nini? Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida anayejifua hapa hapa Arusha, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kwenye skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hizo hazifiki hata picha mbili. Yeye alizitafuta kwa miaka mingi barabarani. Wewe zitafute dukani, kwenye pedi mpya.

Ikifika penalti, moyo utakwenda mbio na viganja vitalowa, ingawa hujanyanyua hata unyayo. Mwili una kiherehere, haujui kwamba hii ni gemu. Usivute pumzi, usitulie, bonyeza kwa hasira. Mama akikuuliza nyumbani jasho la nini na ulikuwa umekaa, mjibu ni joto. Julai.

Halafu atakuja yule dogo wa Kijenge, amelala saa nane nzima, anakunja na kukunjua vidole kabla ya kushika pedi. Akikufunga nne, mwambie kabahatisha.