Namna ya Kula Bata Bila Kumla Bata

Mjini, kula bata ni kustarehe: muziki, nyama choma, na rafiki anayekwenda msalani bili inapoletwa. Mwongozo huu ni wa waliochoshwa na starehe hiyo na wanaotaka nyingine yenye gharama zaidi: kufuga bata na nyuki nyuma ya nyumba.

1. Tafuta bata. Chukua wale wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni. Muuzaji ataapa kuwa ni majike watatu na dume mmoja. Mpe fedha zake, ukweli utaujua wakikua. Jike akianza kuatamia, subira. Kuku hutotoa kwa siku 21. Huyu wako atachukua takriban 35, na kila siku jirani atakuuliza kama mayai ni mazima.

2. Andaa maji safi. Bata hayahitaji kwa usafi, anayahitaji ili ayachafue. Beseni liwe na kina cha kutosha kuzamisha kichwa, maana ndivyo anavyoosha macho na pua. Baada ya dakika tano litafanana na uji wa ulezi. Mwaga, jaza tena. Hayo ndiyo mazoezi ya viungo.

3. Wafungulie bustani. Bata ni hodari wa kula konokono. Wakiisha konokono, atamalizia mchicha, asiache kazi nusu.

4. Tundika mzinga. (Bata na mzinga, siyo bata mzinga, huyo ana ghadhabu zake.) Nyuki si lazima uwanunue: paka nta ndani, tundika kwa waya uliopakwa grisi ili siafu wasipande, kisha ngoja wapangaji. Uwe mbali na njia ya watu, mbuzi aliyefungwa kamba, na jirani mwenye wakili.

5. Kusanya kodi. Hapa mwenye nyumba hubisha hodi giza likiingia, amevaa kama anakwenda mwezini, bomba la moshi mkononi. Usile ndizi kabla ya kwenda: nyuki akichoma huacha harufu ya kuwaita wenzake, nayo hufanana na ya ndizi mbivu. Usikombe masega yote pia. Nyuki wetu wakidhulumiwa huhama bila notisi.

6. Mpelekee jirani chupa ya asali kabla hajachomwa. Baada ya hapo haiitwi zawadi, inaitwa fidia.

7. Weka mawe ndani ya beseni la bata, kwa kuwa nyuki nao watakuja kunywa, na wasipopata pa kutua watazama. Sasa una kijiwe kamili, na wewe ndiye mhudumu.

8. Sikukuu ikikaribia, noa kisu. Utakuta watoto wameshampa kila bata jina. Mtakula wali maharage.

Mahesabu yenyewe nimeshayafanya: fedha hakuna, mchicha hakuna, na shavu la kushoto bado halijarudi saizi yake. Lakini kila jioni nakaa kwenye kigoda, bata wanarudi kwa msururu wakitikisa mikia, nyuki wa mwisho wanatua mlangoni mwa mzinga na chavua miguuni, nami sitoi hata senti ya kiingilio.

Karibu ututembelee. Vaa nguo nyeupe, na ndizi tutakupa ukiwa unaondoka.