Kuomba Rekodi za Polisi Ukiwa Hujaibiwa Chochote

Rekodi za polisi nchini Kenya huombwa kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Wanafunzi wa uanahabari wa Ruiru na Thika, penye vyuo vikuu vya Zetech na Mount Kenya, huisoma ibara hiyo darasani, wakaielewa vizuri, kisha wakapanda matatu kwenda kituoni. Masomo huanzia hapo.

Kaunta ya kituo cha polisi huwatambua watu wa aina mbili tu: mlalamishi na mshukiwa. Anayeingia na daftari, kalamu na heshima nyingi huulizwa, "Umeibiwa nini?" Akisema hajaibiwa kitu, afande humtazama upya, safari hii kama mtu wa aina ya pili. Mwenye moyo mwepesi hubabaika, akasema amepoteza kitambulisho, mradi apate sababu ya kusimama pale. Huandikwa katika kitabu cha matukio (OB), akapewa namba ya OB, akarudi darasani na rekodi halisi ya polisi, inayomhusu yeye mwenyewe. Kitambulisho kimo mfukoni, na kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu.

Swali la pili ni "Ya nini?" Sheria haimdai mwombaji sababu. Hata hivyo, kumsomea afande vifungu asubuhi, zamu zikibadilishana, ni kujitafutia jibu la "Mkubwa hayuko, rudi kesho."

Dawa ni barua. Yaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuiwasilisha hakulipiwi. Kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala za rekodi. Barua hupelekwa nakala mbili, na ya mwanafunzi hugongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo, hata ukigongwa kombo na wino ukafifia, huonyesha tarehe ambayo siku 21 za kujibu zilianza kuhesabiwa; ofisi yaweza kuongeza 14, mara moja tu. Aliyemwachia afande barua mkononi atarudi mwezi ujao kumuulizia, aambiwe amehamishiwa Turkana.

Barua nyingi huponzwa na tamaa. Anayeomba "faili zote za uhalifu Ruiru" anaomba kitabu chenye majina na namba za simu za walalamishi, habari za watoto na za waliobakwa. Hakitolewi kizima, na haki hivyo, kwani kifungu cha 6 cha Sheria ya Upataji Habari kinalinda faragha na mwenendo wa sheria. Kinachojibika ni swali jembamba: pikipiki ngapi ziliripotiwa kuibwa kati ya Januari na Juni? Tena haki ya kupata habari ni ya raia. Mwanafunzi wa kutoka Juba au Kampala hulazimika kumtuma mwenzake Mkenya, ambaye kwa kawaida ndiye aliyelala siku haki hiyo ilipofundishwa.

Wajanja huanzia mahakamani. Mshukiwa akishafikishwa kizimbani, hati ya mashtaka huwa kwenye faili ya kesi, ikiwa na jina, kosa, tarehe na mahali. Makarani wa sajili, Thika kama kwingineko, wamezoea watu wanaotaka karatasi. Huulizia namba ya kesi na risiti ya ada, si ulichoibiwa.

Muda ukipita bila jibu, sheria huhesabu kwamba ombi limekataliwa, na mwombaji ana siku 30 za kulifikisha kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Ukijumlisha 21, 14 na muda wa kumngoja Ombudsman, muhula umeshakwenda. Anayetaka alama aandike barua wiki ya kwanza, kabla mhadhiri hajamaliza kuita majina.