Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa TEHAMA

YAH: SEVA YAKO KUJIBU 200 HUKU IKITUMA UKURASA WA KUINGILIA

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Naomba radhi kwa kuthubutu kukuandikia hadharani. Barua za kawaida nilizifikisha masjala, na sina shaka zimetunzwa vizuri, maana hakuna aliyezigusa.

Kama unavyojua kuliko sisi sote, programu yetu imeandikwa kwa Java, nayo huiomba seva yako jambo moja tu: obijekti iliyofungashwa kuwa mfululizo wa baiti. Mfululizo huo siku zote huanza na AC ED 00 05. Siku hizi programu inagoma, ikilalamika kwamba mwanzo wa mkondo si halali: 3C68746D. Wasaidizi wako, vijana wenye adabu sana, wametueleza kuwa tatizo ni intaneti yetu. Mimi mnyonge nikafungua jedwali la ASCII. 3C ni alama ya <, 68 ni h, 74 ni t, 6D ni m. Yaani <htm. Mheshimiwa, intaneti mbovu haiandiki HTML. Seva yako inatutumia ukurasa wa wavuti, ule wenye nembo ya taasisi na picha yako, unaotutaka tuweke nywila upya. Picha imetoka vizuri mno. Bahati mbaya programu yetu haina macho.

Kwa ruhusa yako nieleze inavyokuwa. Muda wetu wa kuwa ndani ya mfumo ukiisha, seva haisemi kwamba umeisha. Inatuelekeza kwa 302 kwenye ukurasa wa kuingilia, programu inafuata kwa utiifu, kisha inapokewa kwa 200, yaani mambo ni shwari. Ikiamini hivyo, inafungua HTML kana kwamba ni obijekti, na hapo hapo inaanguka. Ingeambiwa 401, ingejua kumwomba mtumiaji nywila. Upande wetu tumeanza kukagua Content-Type kabla ya kufungua chochote. Ikija text/html tunasimama. Lakini kusimama si kupata data.

Nikiwa bado nimepiga magoti, niongeze dogo. Kila wataalamu wako wanapoongeza uga kwenye klasi bila kutuarifu, tunapata InvalidClassException, kwa kuwa klasi haikutangaza serialVersionUID na Java hujikokotolea namba mpya. Kuitangaza ni mstari mmoja tu.

Na kama haitakuwa utovu wa nidhamu: mfungasho huu uliingia Java mwaka 1997, na mwaka 2018 Mark Reinhold, msanifu mkuu wa Java, alikiri kuwa lilikuwa kosa baya. Mwaka 2015 watafiti walikwishaonyesha kwamba baiti zilizotungwa kwa hila, zikifunguliwa na seva, zinaweza kuendesha amri humo ndani. JSON ingetutosha, mradi namba za simu zitumwe kama maandishi. Zikitumwa kama tarakimu, sifuri ya mwanzo hupotea.

Hayo ya JSON yanaweza kusubiri bajeti, kamati na baraka zako. Ya 401 hayahitaji kikao. Tukiipata tutaacha kukusumbua, na picha yako tutaendelea kuitazama kwenye kivinjari.

Wako mtiifu,
Fundi wa programu, upande wa mteja