Barua kutoka Mbeya: Tunakuja kwa Mia na Tisa

Ami, Mama, Shangazi na nyote wa Mji wa Kale,

Ujumbe wenu wa sauti umefika wote, hata ule wa binamu aliyecheka mwanzo mpaka mwisho bila kusema neno. Swali lenu ni moja: mtu mzima, mhasibu, mwenye uwanja wa ndege wa Songwe nje kidogo ya mji anaoishi, kwa nini alete mke na watoto Mombasa kwa Land Rover iliyozaliwa kabla yake? Nimeamua kujibu kwa barua, maana kwenye simu hamniachi nimalize.

Kwanza mjueni mgeni wenu. Ni Land Rover Series III, ile ndefu, mia na tisa, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1978. Ikatumikia misheni, ikabeba viazi, kisha ikastaafu chini ya mparachichi huko Uyole. Niliinunua pamoja na kuku, kwa sababu alikuwa amelalia mayai kwenye kiti cha dereva na bibi mwenye gari hakutaka asumbuliwe. Bei ya kuku tulipatana haraka. Ya gari ilichukua muda.

Bodi haikuwa na shida. Watu wa kiwanda walipoitoa Land Rover ya kwanza mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo kwa sababu ya vita iliyokuwa imekwisha juzi, wakaamua kuunda bodi kwa aluminiamu, na aluminiamu hailiwi na kutu. Ila chesisi ni chuma, na mvua za Mbeya zinajua kutafuta chuma popote kilipojificha. Tulipoinua bodi, fundi wa kuchomelea aliingiza kidole kwenye chesisi, kisha mkono, kisha akanigeukia kwa upole wa daktari na kuniuliza kama nimewahi kufikiria kununua pikipiki.

Hapa Mwanjelwa, Ami, fundi mmoja hashiki kila kitu. Yupo wa injini, wa gia boksi na difu, wa umeme, wa rejeta, wa springi, wa bodi, wa rangi, na kijana mmoja ambaye kazi yake sijaifahamu mpaka leo lakini kila Jumamosi analipwa. Kila fundi, kabla hajashika spana, husimama mikono kiunoni amlaani aliyemtangulia: "Nani alikuroga ukampa yule gari?" Aliyemtangulia amekaa mita mbili pembeni, anakunywa chai niliyoilipia mimi.

Spea nazo zina elimu yake. Hafu shafti za nyuma ndio ugonjwa unaojulikana wa Land Rover za zamani: ukiachia klachi kwa hasira mlimani, unasikia "ka!", na safari imekwisha. Fundi wa difu amenipa ya akiba na masharti: "Ukiibeba, iliyomo haivunjiki. Ukiisahau nyumbani, inajua." Nimeifunga chini ya kiti atakachokalia Mama tukifika. Mama, ukisikia kitu kigumu chini yako, usikiguse.

Halafu kuna huu urefu wa mahali. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya bahari. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94, si 100 kama huko kwenu. Ndiyo sababu maharage yanachukua siku nzima, na ndiyo sababu kifuniko cha rejeta kikichoka kidogo tu, gari linafoka kabla halijapata joto la maana. Hewa nayo ni nyepesi, injini ya dizeli isiyo na turbo inakosa pumzi. Asubuhi za Juni na Julai hata kuwaka haitaki. Inabidi tuipashe plagi, tuibembeleze, kisha tuite vijana waisukume. Fundi ananituliza kwamba ikishuka pwani itapata nguvu mpya. Nimemwambia hata mimi ni hivyohivyo.

Mtihani wa kwanza ulikuwa kona za Chimala kupanda Matamba, njia ya kuendea Kitulo. Kona zenyewe ni 57, na barabara inaitwa Hamsini na Saba, kwa hiyo huwezi kusema hukuonywa. Kupanda, nilivuta gia ndogo yenye kichwa chekundu, ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, bila kuigusa ya njano, maana ukivuta nyekundu magurudumu yote manne hushika yenyewe, na mia na tisa ikapanda bila kulalamika. Kushuka ndiko kulikuwa na mazungumzo. Breki zake ni za dramu miguu yote minne, na dramu zikipata moto husikiliza nusunusu. Watoto walianza kuzihesabu kona kwa sauti; katikati ya mlima mkubwa wao akaacha hesabu akaanza kusoma Ayatul Kursi. Fundi wa breki, aliyekuwa nyuma, aliitikia "Amina", naye ni Mmoravian.

Mtihani wa pili ulikuwa Iringa, kwa wakwe. Ni kilomita zisizofika 350, lami tupu: Igawa, Makambako kwenye upepo, Mafinga kwenye mbao. Basi linakwenda kwa saa chache. Sisi tulikwenda kwa mapenzi ya Mungu. Kila tuliposimama, mtu alitokea. Mzee wa Makambako aliliinamia gari akasema alijifunzia kuendesha kwenye kama hili, akiwa idara ya kilimo. Mafinga, dereva wa lori alifungua boneti kabla hajatusalimia, akakaza mpira wa rejeta uliokuwa unavuja, akakataa pesa, akaomba kupiga honi.

Kihesa, kwa wakwe, tulifika usiku. Baba mkwe, Mhehe wa watu wa Kalenga, alilizunguka gari kwa tochi bila kusema kitu. Watu wakanywa ulanzi, mimi nikapewa chai. Mwishowe akatamka: "Fuvu la chifu wetu Mkwawa lilikaa Ujerumani zaidi ya nusu karne, na mwaka 1954 likarudi Kalenga. Basi hata wewe unaweza kufika kwenu." Mke wangu anasema hizo zilikuwa baraka. Nimezipokea hivyo.

Sasa jibu la swali lenu. Barabara hii ya kutoka Dar kwenda Tunduma imelea mafundi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilibaki bila njia ya mafuta, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar kupitia Iringa na Mbeya, kwenye vumbi na tope, mpaka ikaitwa njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikuja 1968, reli ya TAZARA ikafunguliwa 1976, lami ikatandikwa, lakini malori hayakuacha kupita wala kuharibika. Kila kituo cha barabara hii kina mtu anayejua kulifufua gari kwa spana na kipande cha mpira. Gari jipya lenye kompyuta likikufia Igawa, unasubiri mwenye mashine aje kutoka mjini. Mia na tisa ikikufia Igawa, unasubiri mpita njia wa kwanza. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000, tukishuka Kitonga, tukipita Mikumi, Chalinze, Segera na Tanga, mimi namchagua mpita njia.

Kwa hiyo shule zikifungwa Desemba, tunakuja. Bima ya kuvukia mpaka, ile ya kadi ya njano, nimeiulizia. Naomba mniandalie machache. Ami, nitafutie pa kuliegesha nje ya Mji wa Kale, maana kuligeuza kunataka mita 14 hivi, na kichochoro chetu hakina hata nne. Binamu, ucheke sasa umalize, kwa sababu wewe ndiye utakayelisukuma. Shangazi, gia ya njano usiiguse. Na Mama, najua umeshamnunua mbuzi. Usimchinje mpaka nipige simu kutoka mpakani Horohoro, na nikisema "tunakaribia" nikiwa bado Segera, mpe majani aendelee kula.