Ufa Una Washauri Wengi

Rangi ya gari ikibabuka, wanaoumia macho ni majirani. Dashibodi ikipasuka, msiba ni wa dereva. Foleni imesimama pale Ubungo, huna pa kutazama, macho yanarudi palepale: ufa ulioanzia kwenye tundu la upepo, ukapita katikati, ukakata kona kuelekea kwa abiria.

Gari langu ni la mwaka 2003, na katika jua la Dar es Salaam limeanikwa kuliko dagaa wa Feri. Ngozi ya dashibodi nyingi ni PVC, plastiki ambayo kwa asili yake ni ngumu. Kiwandani huchanganywa na vilainishi ndipo ibonyee. Joto huvifukuza vilainishi hivyo polepole. Vingine huhamia kwenye kioo cha mbele, upande wa ndani, ndio ule utando wa mafuta unaoufuta kila Jumamosi huku ukiwasingizia watoto. Ngozi inayobaki hukakamaa na kusinyaa, na kwa kuwa kilicho chini yake hakisinyai nayo, huchanika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichapisha vipimo vyao mwaka 2018: magari yaliyoachwa juani kwa saa moja wakati wa kiangazi, dashibodi zilifika wastani wa nyuzijoto 69 za Selsiasi. Chapati haiivi hapo, ila yai lazima lianze kuwa na wasiwasi.

Haya yote huwa nawaeleza abiria wangu. Hakuna anayesikiliza. Kila anayepanda ananitajia ufa na ukuta, kisha anatoa dawa. Wa kutoa hela ya gundi bado hajapanda.

Shangazi alikuja na chupa ya mafuta ya nazi. “Ngozi ikikauka inapakwa mafuta, baba, hata ya kwako.” Akapaka mwenyewe, kwa mapenzi, mpaka kwenye vitufe vya redio. Ufa haukuziba. Ila kuanzia saa sita mchana gari lilinukia wali, vumbi lote la Buguruni likapata pa kulala, na jua lilipomulika, dashibodi iling'aa mpaka ikaonekana kwenye kioo cha mbele. Nikawa na nyufa mbili, mmoja chini na mwingine barabarani.

Jirani yangu, dereva teksi, akaniazima kava la manyoya meusi. Sikatai, lilipendeza. Lakini manyoya hayajui kwamba chini yake kuna matundu ya kupeleka upepo kwenye kioo. Masika yalipoingia, kioo kikawa ukungu mtupu, na shemeji aliyekaa kushoto akaajiriwa kukifuta kwa kanga kutoka Mwenge hadi Tegeta. Siku hizi akiniona anasema atapanda daladala.

Kisha binamu yangu akaja likizo kutoka Houston na zawadi: kava la zulia lililokatwa kwa vipimo vya gari la aina yangu hasa, pindo zimeshonwa safi. Tatizo ni kwamba Marekani usukani uko kushoto. Nundu ya kufunikia mita ikakaa mbele ya abiria, ambaye hana mita, na kwangu zulia likaning'inia juu ya geji ya mafuta. Zawadi ya ndugu huwezi kuitoa akiwa bado mjini. Likizo yake yote nilijaza mafuta kwa kukisia.

Aliyekaribia kunimaliza ni fundi wa siti wa Ilala. Mtu wa kazi kwelikweli: leza nyeusi, uzi mwekundu, gundi ya kopo. Nikamwuliza kuhusu eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa unaokaa ndani ya dashibodi na ambao, ajali ikitokea, hutokea kwa kupasua mahali palipotengenezwa pawe dhaifu makusudi. Akanituliza kwa kunigusa bega. “Bosi, ondoa shaka. Hapo nashona mara mbili. Haitoki tena hiyo.”

Nikampa hela ya soda, nikaondoka.

Hatimaye nikaamua kuliuza gari. Nikalirudisha zulia juu ya ufa, dalali akaniletea mteja. Mzee mmoja mpole, akazunguka gari, akapiga tairi teke, akafungua mlango, akaliona zulia la Houston. Uso ukabadilika.

“Hapa mmefunika nini? Eabegi ilishafyatuka?”

Ana haki. Gari lililogongwa likaacha dashibodi imefumuka, njia rahisi ya kuificha ni kuivisha nguo. Nikaapa, hakuamini. Dalali akaapa, ikawa mbaya zaidi. Ikabidi nilivue zulia. Mzee akavaa miwani, akaufuata ufa kwa kidole taratibu, kuanzia tundu la upepo hadi mwisho, akashusha pumzi.

“Kumbe ni jua tu! Mnaficha nini sasa? Haya, tufungue boneti.”

Dalali akanitazama. Boneti hatukuwa tumeiandalia maneno.